Mtoto Niliyemwita 'It'

Jumapili, Koboko. Alfajiri ilinyesha, saa tatu ikakatika, na sasa jua linawaka juu ya nepi tisa zinazochuruzika kwenye kamba. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la shemeji yangu, simu mkononi, nimechoka. Siumwi. Ni ahueni tu, na sikujua kwamba ahueni humchosha mtu kiasi hiki.

Mtoto wa mdogo wangu ametolewa nje leo asubuhi. Nimemwona juani kwa macho yangu, amekunja uso, kakasirika, anapiga chafya.

Yuko hai.

Nataka kuandika kabla sijapanda gari la kurudi Arua, maana nikifika nyumbani nitashika kalamu nyekundu na madaftari, nitajifanya hakuna kilichonipata. Kuna jambo nimelibeba miaka miwili. Sijapata kumwambia mtu, hata padri.

Sijui namwandikia nani hapa. Nilianza kuandika kwa Kiswahili kwa sababu ya woga. Mkuu wangu wa shule hakisomi, na wanafunzi wangu wanakiongea sokoni lakini hawana subira ya kukisoma. Hiki cha vitabu nilikiokota Tanzania nilikosomea ualimu. Humu ndani naweza kusema ukweli bila mtu kuniita ofisini.

Basi ukweli ni huu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha Arua, nimepanga nyumba Ediofe karibu kabisa na kanisa kuu. Miaka kumi na sita nimewafundisha watoto wa Kilugbara, wa Kikakwa na wa kutoka Sudan Kusini tofauti ya 'he' na 'she', 'his' na 'her'. Huku kwetu hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Lugha zetu zinamtaja mtu bila kumuuliza kwanza kama ni mwanamume au mwanamke. Mwanafunzi anasimama kunisimulia habari za mama yake mzazi, na mama ni 'he' tangu sentensi ya kwanza mpaka pale anapojifungua.

Nami siwezi kuona kosa likapita. Familia yetu ina grupu kwenye simu, na tunaandikiana kwa Kiingereza kwa sababu hatuna lugha nyingine ya kuandikiana. Sisi ni Walugbara, upande wa shemeji ni Wakakwa, kuna wakwe waliotoka Yei na Kiarabu chao cha Juba, kuna binamu waliokulia Kampala. Kiswahili tunakiongea tukikutana, ila kukiandika kila mtu anaogopa. Mtu akikosea Kiingereza kwenye grupu, mimi naweka chini yake kinyota na neno sahihi. Wameibatiza nyota ya Mwalimu. Wanacheka, nami nilikuwa nacheka, na ndani yangu nilikuwa najivuna.

Mdogo wangu anaitwa Letaru. Ameolewa hapa Koboko na Taban, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Mimi na Taban tulikuwa watani wakubwa. Mimi nikimwambia mishono yake imepinda kama barabara ya zamani ya Koboko, yeye ananiambia nimekosa mume kwa sababu ya kusahihisha barua za wachumba. Aliniita shemeji kwa sauti ya kuvuta, na kila alipoita nilijua kuna maneno yanakuja.

Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alizaliwa ameshafariki. Wa pili naye alikuwa mvulana, akaishi siku mbili. Kwa desturi ya nyumba hii, mtoto na mama hukaa ndani kwanza: mvulana hutolewa nje siku ya tatu, msichana siku ya nne, na jina hutajwa hapo mlangoni, si kabla. Yule wa pili alifariki alfajiri ya siku ya tatu, kabla ya kutolewa. Alizikwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba, bila jina.

Mimi ndiye niliyeandika tangazo kwenye grupu. Niliandika huku nalia, lakini vidole vilikuwa vya mwalimu. Nilieleza kwamba mtoto alizaliwa Alhamisi na akafariki Jumamosi. Kwa Kiswahili hiyo 'aka' inatosha kumbeba mtu. Kiingereza kinataka neno lake mahali hapo, nami sikuwa nimetaja kama ni mvulana au msichana, basi nikaandika 'it'.

Kitabu kinaruhusu. Kitabu ninachofundishia kinasema mtoto mchanga ambaye jinsia yake haijatajwa anaweza kuitwa hivyo. Niliijua kanuni, nikaitumia, nikatuma.

Jioni ile Taban akaandika kuwashukuru watu. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, aliacha shule mapema akaingia kwenye ufundi. Akasema mke wake bado dhaifu, na katika sentensi hiyo akamwita mkewe 'he'. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaweka kinyota, nikaandika 'she'.

Nilimwekea mtu nyota siku ya kumzika mwanawe.

Akaniuliza mbele ya wote: kama wewe unayajua sana maneno haya, mbona mtoto wangu umemwita 'it'? Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kusema samahani, neno fupi hata kwa Kiingereza. Badala yake nilimwandikia kanuni, mistari minne, na mfano chini yake. Nakumbuka mfano ulihusu mtoto anayelilia maziwa yake.

Taban akatoka kwenye grupu. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Nikija Koboko alinipa mkono, alinipa kiti, alimtuma mtu soda. Ila tangu siku ile hakuniita shemeji tena. Aliniita Mwalimu, kwa heshima kabisa, kama mzazi aliyekuja kuchukua ripoti ya mtoto.

Letaru alijua, lakini hakutaka kuingia kati yetu. Mimi nilijiambia kwamba nilikuwa sahihi, na kwamba mtu akijua yuko sahihi hana haja ya kuomba radhi. Niliamini upuuzi huo kwa miaka miwili.

Halafu ikaja mimba hii ya tatu.

Letaru alijifungua wiki saba kabla ya wakati. Kituo cha afya cha huku kiliwapakia kwenye gari la wagonjwa, wakaletwa hospitali kubwa ya Arua. Kutoka hospitali hadi kwangu mtu anatembea tu kwa miguu. Walikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri bila mimi kujua, na habari nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa amekwenda kumwona mgonjwa wake. Akaniuliza mbona mdogo wangu yuko wodi ya watoto njiti na mimi niko stafrumu nakula karanga.

Nilikwenda na chaki mikononi. Taban alikuwa barazani anafua kanga za mkewe kwenye beseni. Aliinua uso.

"Mwalimu," alisema. "Umefika."

Sikumuuliza kwa nini hakunipigia. Letaru ndiye aliyeniambia baadaye. Taban alitoa simu, akatafuta jina langu, akairudisha mfukoni, mara tatu. Mtoto wake yuko ndani anapigania pumzi, na yeye anaogopa kumpigia dada wa mkewe. Nilipoelewa hivyo niliingia chooni nikafunga mlango, nikalia mpaka mtu akabisha.

Mtoto alikuwa mdogo sana. Kiganja changu kilimfunika mgongo wote. Manesi walimweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kitambaa, na wakatuambia mama akichoka ndugu mwingine achukue zamu, hata baba. Taban alivua shati bila kusita. Fundi mwenye mikono ya kupima watu kutwa alikaa pale saa nyingi hajongei, anatazama ukuta, anahesabu pumzi. Na mimi nilipata zamu yangu kila jioni baada ya vipindi. Siku ya kwanza nilihisi moyo wake ukidunda upesi upesi juu ya wangu, nikaogopa hata kumeza mate.

Wodini kila mtu ni 'he'. Nesi wa zamu ya asubuhi alisoma faili kwa sauti, na Letaru mwenyewe alikuwa 'he' aliyejifungua salama. Zamani ningekunja uso. Siku ile nilisikia tu kwamba uzito umeongezeka, nikamshukuru nesi mpaka akashangaa.

Mama yake Taban, ambaye Koboko nzima inamwita Habuba, yaani nyanya, alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu yake. Alipiga simu siku ya pili akataka kuongea na mimi.

"Mwalimu, hapana sema kama iko kijana ao musichana," aliniambia. "Ile mbili, watu najua mbio sana. Hii, nyumba najua kwanza. Wewe naandika 'mutoto iko'. Bas."

Nikamwambia nimeelewa: habari za wale wawili zilitoka mapema mno, safari hii watu wa nje wangoje. Kwa Kiswahili chake lilikuwa jambo jepesi kabisa: mutoto iko. Lakini ndugu kwenye grupu walitaka habari kila siku, Letaru akaniomba niwe naandika mimi, na Kiingereza hakiendi hatua tatu bila kukuuliza mtoto ni wa kiume au wa kike.

Siku ya kwanza ya kuandika nilizunguka. Niliandika 'the baby' mara kumi na moja katika ujumbe mmoja. Mwanafunzi angeniletea hiyo ningemrudishia aandike upya. Siku ya tatu nikajiona mjanja, nikatumia 'they'. Siku hizi inakubalika kwa mtu mmoja ambaye hutaki kutaja jinsia yake, nami darasani naifundisha kwa madaha. Nikaandika kwamba 'they' wamenyonya vizuri na 'they' wamelala.

Mjomba wangu wa Vurra, anayehangaikia karatasi za malori mpakani na hivyo ana muda mwingi wa kushika simu, akauliza: mapacha?

Kabla sijajibu, pongezi zikamiminika. Binamu wa Kampala wakaweka nyuso za kulia kwa furaha. Mkwe wetu wa Yei akaandika kwamba mapacha hawapokelewi kimya kimya na kwamba yeye atakuja na wapiga ngoma. Mtu mwingine akauliza yupi alitangulia. Ikabidi niwapigie mmoja mmoja niwaambie ni mtoto mmoja tu, ni mimi niliyejitia kujua.

Nilimsimulia Letaru. Alicheka hadi mtoto akatikisika kifuani kwake, nesi akaja mbio kuangalia kuna nini. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kwenye kitanda kile. Taban alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alisikia kisa chote, na nilimwona akigeuza uso upande wa dirisha ili asicheke mbele yangu.

Neno moja lilikuwepo muda wote. Fupi, halali, lisilosema mvulana wala msichana, na kitabu kiko upande wangu. Jioni moja nilikuwa na mtoto kifuani, simu mkono wa kulia, nimechoka na 'the baby'. Nikasema ngoja niandike 'it' mara moja tu, yaishe. Mtoto akasogeza kichwa chini ya kidevu changu. Kidole kiligoma. Nilikaa nikilitazama lile neno ambalo sijaliandika, na ndipo nikaelewa Taban aliniuliza nini siku ile. Miaka miwili nilidhani ameuliza juu ya Kiingereza.

Wiki tatu walikaa hospitali. Alhamisi hii wakaruhusiwa, wakarudi Koboko, na Habuba akasema siku za hospitali hazihesabiwi, hospitali si nyumba. Hesabu ilianza walipovuka mlango. Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu.

Mimi nilikuja jana, Jumamosi. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo mtaa mzima hukodoa macho, maana mtoto akitoka ni mvulana, asipotoka kila mtu amejua. Majirani walipita na visingizio. Mmoja alikuja kuazima chekeche, akaja wa pili kuomba kaa la moto, na wa tatu hakuwa hata na kisingizio, alisimama tu akauliza kama mvua itanyesha. Habuba aliwajibu wote kwa adabu na hakuna aliyepita kizingiti.

Nilimkuta Taban barazani kwenye cherehani. Alikuwa anashona kofia ndogo kwa mabaki ya kitambaa cha sare, rangi ya kaki, rangi isiyosema chochote. Tangu hospitali alikuwa amekataa kununua kofia za dukani kwa sababu zote zilikuwa na maua au magari.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka kichwani.

"Taban," nilisema, "ile siku ya grupu nilikukosea. Na nilimkosea mtoto."

Mguu wake uliendelea kukanyaga. Alimaliza mshono mmoja, akageuza kitambaa.

"Kiingereza mimi hapana kasirikia," alisema. "Kiingereza iko yenu walimu. Mimi nauliza swali moja tu, na wewe najibu kama mimi iko darasani."

"Najua."

"Hii mashini, sawa, iko 'it'. Kiti iko 'it'. Ile mutoto ilikuwa mutu. Anashika kidole yangu, hivi." Akainua kidole cha shahada akakitazama. "Jina hapana pata. Ile neno kidogo tu ndiyo ilibaki yake, na wewe nachukua."

Hakupaza sauti. Nilisubiri kanuni ije kichwani kama kawaida yake, haikuja. Nilisema nisamehe, kwa Kiswahili, halafu nikasema tena kwa Kilugbara, ambacho anakijua kidogo, kwa sababu cha kwanza kilionekana hakitoshi.

Akakata uzi kwa meno.

"Shika hapa," akasema, akanipa ncha ya kitambaa.

Nikashika mpaka akamaliza. Sijui kama huo ulikuwa msamaha au alihitaji tu mkono wa tatu. Sikuthubutu kuuliza.

Jua lilipotua bila mtoto kutoka, mwanamke wa nyumba ya ng'ambo alipiga kigelegele kimoja kifupi, halafu akajiziba mdomo mwenyewe. Ndani nikamsikia Letaru akicheka.

Leo asubuhi mvua ilipokatika watu walikuwa wameshajaa uani, matope hadi kwenye vifundo. Habuba alitoka kwanza na majivu ya moto wa siku nne kwenye ungo, akayamwaga pembeni. Nyuma yake akatoka Letaru, amekonda lakini amenawiri, mtoto mikononi na kofia ya kaki imemshukia hadi kwenye nyusi. Taban kashona kubwa mno. Fundi wa kushonea shule nzima, na kichwa cha mwanawe kimemshinda kupima.

Habuba alimtazama mtoto, akatutazama sisi, akataja jina kwa sauti ya kila siku.

"Kiden."

Upande wa Wakakwa waliitikia kwa pamoja, wengine wakainamisha vichwa. Sisi wa Arua tulichelewa kuelewa. Letaru alinieleza baadaye, amekaa kwenye mkeka ananyonyesha. Jina hilo hapewi msichana yeyote tu. Ni la msichana aliyezaliwa nyuma ya wavulana. Wale wawili hawakupata majina, lakini kila atakayemwita huyu, nyumbani, shuleni, sokoni, siku zote za maisha yake, atakuwa anasema kwamba mbele yake walikuwepo kaka zake. Letaru alilia aliponiambia, nami nikalia naye, na mtoto akaendelea kunyonya bila kutujali.

Nimefundisha 'his' na 'her' miaka yote hiyo. Sijapata kuona neno moja likifanya kazi ya namna hiyo.

Baada ya chakula Taban alinijia na simu yake.

"Rudisha mimi kwa grupu," alisema.

Mimi ndiye msimamizi. Nilimrudisha hapo hapo, nikakosea namba mara moja. Akaenda barazani kuipunguza ile kofia, nami nikaja huku nyuma kwenye kigoda kuandika haya.

Kesho asubuhi kidato cha pili wana somo la viwakilishi, na ukurasa wenyewe ni ule ule. Nitaifundisha kanuni, kwa sababu mtihani utaiuliza na sitaki watoto wa watu wafeli kwa ajili ya dhamiri yangu. Lakini nitawaambia pia kwamba kabla ya kumwita mtoto mchanga chochote kwa Kiingereza, waulize kwanza ni mtoto wa nani, na kama mwenye mtoto yuko karibu anasikia.

Nimeandika mpaka hapa simu ikalia. Ni Taban, kwenye grupu. Anatangaza kwamba mtoto wao ametoka nje leo, kwamba 'he' ni msichana, kwamba 'his' jina ni Kiden, na kwamba 'he' anawasalimu wote. Hakuna mstari uliosalimika. Nimeusoma mara mbili na nimeona ni mzuri.

Pongezi zinaingia. Mkwe wa Yei anauliza kama wapiga ngoma bado wanahitajika. Halafu mjomba wa Vurra, na malori yake yasiyokwisha, ameandika: leo nyota ya Mwalimu iko wapi? Wengine wanaweka nyuso za kucheka. Wanangoja. Najua na Taban, huko barazani, anangoja.

Nimepandisha vidole juu ya skrini. Nimepanda mpaka Krismasi, mpaka harusi ya binamu, mpaka msimu wa maembe wa mwaka jana, na zaidi. Imenichukua muda. Nimeufikia ule ujumbe wangu wa miaka miwili, upo vilevile, Alhamisi, Jumamosi, na lile neno katikati.

Nimeujibu. Kinyota, halafu 'he'.

Nimetuma.

Ujumbe ule wa zamani sasa uko mbele ya wote, na jibu langu chini yake. Upande wa mbele wa nyumba cherehani ilikuwa inakwenda, na sasa imesimama. Nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye nepi. Najiona kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, na nawaza kwamba labda nimekitonesha kidonda siku ambayo watu walikuwa wanafurahi.

"Shemeji," Taban ameita kutoka barazani, ameivuta ile sauti. "Chai napoa. Ao wewe nasahihisha chai pia?"

Naenda.